Kwangu Ni Saa Nne

Ukivuka daraja kutoka Tornio kwenda Haparanda
unapata saa moja ya bure,
kama chenji aliyoisahau mtu kaunta.
Ukirudi, unailipa.

Vieno ana miaka tisa. Rafiki yake, Ebba, anakaa ng'ambo.
Mchana wanateleza kwenye barafu, wanagawana mkate,
wanagombania nani leo awe farasi.
Usiku Ebba anapiga simu.
"Usikate. Kwangu bado ni saa tatu."
Na mwanangu, ambaye kwake ni saa nne,
anajifunika blanketi gubigubi,
mwanga wa simu ukimmulika meno,
mpaka saa tano, mpaka saa sita,
mpaka sauti yake inabaki uzi.

Asubuhi anasinzia juu ya uji.
Nilipomuuliza, alikitazama kijiko.
"Anasema nikikata mimi si rafiki.
Sasa baba, nitakuwa nani?"

Sikuwa na jibu. Nilikuwa na hasira,
na hasira hupikika upesi lakini haishibishi.

Jumamosi nikampeleka darajani.
Theluji ilikuwa inasaga chini ya viatu.
"Hapa ndipo mpaka. Unaona ukuta?"
Haukuwepo. Alipita bibi mmoja
akisukuma kijisleji chenye maziwa na gazeti,
akatusalimu kwa lugha mbili, akaenda zake.
"Kila mtu anavuka," nikasema.
"Lakini saa ya kwetu haijawahi kurudi nyuma
eti kwa kuwa ya kwao inaona upweke."

Akawaza, pua nyekundu.
"Na akilia je?"

Hapo ndipo watu wazima hukohoa.
Nikakohoa.
"Atalia. Kilio chake kisikilize.
Ila si kila kilio ni amri."

(Mama yake Ebba hushinda zamu za usiku hospitali.
Nyumba ile ina friji inayonguruma kama mtu.
Nilimpigia mama huyo mwenyewe;
mzigo ule haukuwa wa kubebwa na mtoto.)

Tukafanya mazoezi jikoni.
Mimi ni Ebba, mwiko ndio simu.
"Usikateee!" nikalia kwa sauti nyembamba.
"Samahani, samahani sana, labda, yaani, samahani..."
"Umezidisha chumvi. Anza upya."
"Kwangu ni saa nne. Nalala. Kesho nitakuja na sleji."
Mara ya sita tulicheka mpaka jirani akagonga ukuta.

Ndipo simu ya kweli ikalia.
Msimamizi wa kiwanda: Jumapili kuna pengo,
yule wa tanuru anaumwa, na wewe, Taisto, hujawahi kukataa.
"Hakuna shida," nikasema. "Samahani kwa kuchelewa kupokea.
Hakuna shida kabisa."
Mwiko ulikuwa bado mkononi.
Vieno hakusema neno.
Alinyoosha kidole tu kwenye kalenda,
Jumapili, alipochora samaki wawili
na shimo la duara kwenye barafu.

Nilimpigia tena yule bwana.
Nisiwadanganye, sauti ilitetemeka,
mimi ninayeshinda mbele ya chuma kilichoyeyuka.
"Jumapili nina miadi," nikasema,
nikangoja dari liporomoke.
Alisema tu, "Haya."

Usiku ule Vieno akasema yake.
Nilimsikia kupitia mlango: hakuomba samahani hata moja.
Upande wa pili, kimya, kisha,
"Basi wewe si rafiki," na simu ikakatwa.
Alilia. Nilikaa pembeni ya kitanda, sikumnyamazisha.
Nilijua kuna jioni ambazo kufanya sawa
huuma kuliko kukosea.

Siku ya kwanza, hakuna simu. Ya pili, hakuna.
Ya tatu, giza limeshaingia,
tulimkuta Ebba katikati ya daraja,
vidole vya viatu vyake kwenye mstari kabisa,
kofia imemfunika nyusi.
Alimwangalia Vieno kwa muda mrefu.
Kisha akauliza, kama mtu anayejaribu barafu kwa unyayo,
"Kwenu sasa hivi ni saa ngapi?"